Barua Ndani ya Mzigo wa Ujiji

Mwaka huu sikusoma vitabu vingi, lakini vichache nilivyovipata nimevisoma polepole, na kimoja kati yake kimebadilisha namna ninavyokaa na watu wangu walio mbali. Ni mkusanyiko wa barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi mwaka 1958, uliochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Wengi wetu tulikutana na Shaaban Robert shuleni, tukakariri beti zake kwa ajili ya mtihani, tukamzoea kama mzee wa maneno mazito anayezungumza na taifa zima. Katika barua hizi anazungumza na mtu mmoja tu. Ni karani wa serikali aliyewahi kuhamishiwa Mpwapwa kutoka pwani, ana familia ya kulisha, ana miswada inayotafuta mchapishaji, na ana ndugu ambaye lazima ajue hayo yote.

Kilichonishika ni kwamba barua nyingi hazibebi habari kubwa. Zinauliza hali, zinaeleza kazi, zinarudia jambo lililokwisha kutajwa katika barua iliyotangulia. Miaka 27 ni mingi, na sidhani kama kuna undugu unaoweza kuivuka miaka hiyo kwa kutegemea harusi na misiba peke yake. Nilipofika katikati ya kitabu niliona wazi kwamba watu wale wawili walibaki karibu kwa sababu walikuwa na mazoea ya kuambiana mambo ya kawaida bila kungoja sababu. Tangu hapo nimekuwa nikiyatazama mahusiano yangu mwenyewe kwa jicho hilo, na hasa urafiki mmoja ambao ndio ulionifanya niandike makala hii.

Ninaye rafiki huko Ujiji. Tulilala chumba kimoja chuoni tulipokuwa tukisomea uuguzi, kisha yeye akaolewa Kigoma, nami nikapata kazi hapa Tabora na kuanzisha maisha yangu katika mtaa wa Ng'ambo. Kwa muda mrefu tuliunganishwa na simu, na simu ina tabia yake. Mtu hupiga akiwa na jambo. Ukishazoea hivyo, jina la mtu umpendaye linapotokea kwenye kioo usiku, moyo hushtuka kabla haujafurahi, kwa kuwa unajua kuna mgonjwa, kuna msiba au kuna ada imekwama. Salamu zenyewe hupitiwa mbiombio ili mtu afike kwenye shida yake, na shida ikishasemwa hakuna aliyebaki na muda wa kuuliza kama ule mchikichi ulioegemea ukuta wa jikoni ulikatwa au bado.

Mizigo ndiyo iliyotuokoa. Alikuwa akinitumia dagaa na mafuta ya mawese kwa basi, nami nikimtumia asali na viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, kama wafanyavyo watu wengi wa mikoa hii miwili. Siku moja, ndani ya mfuko wa dagaa, nilikuta karatasi ya daftari la mwanafunzi imekunjwa mara nne. Aliandika kwamba dagaa hawa ni wa giza la mwezi uliopita, wamekaushwa juu ya chanja wala hawakuanikwa mchangani, kwa hiyo nisihangaike kuwaosha mara nyingi. Kwamba kitinda mimba wake amekataa kabisa kunyolewa na fundi wa zamani. Na kwamba mama mkwe wake ameanza kuota ndoto za utotoni na kila asubuhi huzisimulia huku akichambua mboga. Hakukuwa na shida yoyote iliyotaka kutatuliwa. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na jioni ile ile nikaandika jibu.

Sasa ni desturi. Dumu la asali nalifunga kwanza mdomo kwa nailoni, kisha kifuniko, kisha nailoni nyingine na mpira juu yake, kwa sababu asali ikipata joto la buti la basi hutafuta njia ya kutoka. Matobolwa huwekwa kwenye mfuko wa kitambaa ili yapumue. Viazi hivi huchemshwa, hukatwa na kuanikwa mpaka vikauke, na hukaa miezi bila kuharibika. Vya michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, na hupendeza zaidi vikipikwa na karanga. Barua nayo huingia katika mfuko wake peke yake, nikiandika juu jina lake tu, kana kwamba kuna mtu mwingine atakayeifungua. Zake hunifikia zikiwa na madoa ya mawese pembeni. Nimezihifadhi zote katika bati la biskuti, na wino umeanza kusambaa pale mafuta yalipopita.

Njia inayopitisha mizigo yetu, kwa Urambo, Kaliua na Uvinza, sehemu yake kubwa ina lami, lakini safari ya kati ya miji hii miwili ni ya kale. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kabla ya reli palikuwa na misafara ya kutoka Bagamoyo iliyopumzika hapa na kuendelea hadi ziwani. Siwezi kuisimulia njia hiyo kwa kuipamba, kwa kuwa ilipitisha watumwa, na pembe za ndovu zilisafiri mabegani mwa watu. Hata hivyo kuna kisa kimoja cha njia hiyo ambacho nakirudia mara kwa mara, kwa sababu kinahusu barua. Mwezi Novemba 1870 mfuko wa barua za David Livingstone uliondoka Unguja kwenda Ujiji. Waliopewa kazi ya kuupeleka walikwama hapa Unyanyembe, na mfuko ukalala hapa hadi Henry Morton Stanley alipouchukua mwaka 1871, akaufikisha kwa mwenyewe kiasi cha mwaka mmoja baada ya kutumwa. Stanley ameeleza kwamba mzee yule aliupakata mfuko magotini, akasoma barua moja mbili za watoto wake, uso ukachangamka, kisha akamwomba mgeni ampe habari za ulimwengu. Alipohimizwa amalize kwanza barua zake, alijibu kwamba amezisubiri kwa miaka, hivyo saa chache zaidi hazitamshinda.

Mapema mwaka 1872 wawili hao walikuja pamoja Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Nimekwenda pale na watoto wangu, na wakati wao walipokuwa wakivutiwa na unene wa kuta, mimi nilikuwa nikifikiria mfuko ule uliokaa katika mitaa hii huku mwenyewe akiungoja upande wa pili wa misitu. Watu hushangaa kwamba Livingstone aliweza kuziacha barua magotini. Mimi simshangai. Barua haikatiki wala haiishiwi salio, na ukishaishika mkononi una hakika kwamba ni yako. Nami mzigo ukifika huwa naweka barua juu ya kabati mpaka vyombo vimeoshwa na watoto wamelala, na saa zile za kujua kwamba ipo pale juu naziona kuwa sehemu ya barua yenyewe.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mume wa rafiki yangu anaishi kwa mtumbwi na taa. Mizigo ya kipindi hicho haikuwa na dagaa; ilikuwa na mawese kidogo na barua ndefu kuliko kawaida. Aliniandikia juu ya wanaume waliozoea kulala mchana na sasa hawajui la kufanya na usiku wao, juu ya nyavu zilizoshonwa mpaka hakukuwa na tundu la kushona, juu ya mumewe aliyeanza kumsindikiza sokoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Magazetini nilisoma sababu za kufunga ziwa na nikazikubali. Kwake nilijifunza kwamba ziwa likifungwa ndoa nayo hubadilika, na kwamba katika dhiki ile ya fedha kulikuwa na matembezi ya asubuhi ambayo rafiki yangu aliyapenda na akaona haya kuyasema kwa sauti mbele ya majirani.

Kwa kuwa tumezoea kuandikiana mambo ya nyumbani, mengi mapya katika maisha yangu yametoka humo au yameingia humo. Nimehamia kwenye asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao hukaa kwenye mashimo ya miti. Ni nyepesi kuliko ile ya kawaida, ina uchachu unaobaki kwenye ulimi, na bei yake ni kubwa, lakini kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi kinatosha. Rafiki yangu alipolalamika kwamba asali niliyomtumia imeganda na mama mkwe wake anasema imetiwa sukari, nilimwandikia ukurasa mzima: asali safi huganda, hasa majira ya baridi, kwa sababu sukari yake ya asili iitwayo glukosi hujitenga na kuwa chembechembe, na ukiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu inarudi kuwa laini. Katika ukurasa huo huo nilimkumbusha, nikijua kwamba mjukuu wa kwanza amezaliwa na bibi zake wana hamu ya kumlambisha, kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda na tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Yeye ni muuguzi kama mimi na alikwisha kulijua jambo hilo. Alinijibu kwamba barua yangu ilisomwa kwa sauti barazani, na kwamba neno la mtu wa mbali limesikika pale ambapo lake, la mkwe wa nyumbani, lilikuwa halisikiki.

Nilikwenda kumtembelea hatimaye, likizo yangu ilipoangukia wakati wake wa mapumziko. Mama mkwe wake ni Muha wa umri mkubwa, na alinipokea kwa makofi ya taratibu huku akiinama kidogo, akiuliza nyumba yangu, mume wangu, watoto wangu, mazao ya Unyamwezini na mvua zake, kimoja baada ya kingine, akingoja kila jibu. Mimi nilijibu nikiwa nimepiga goti. Salamu ile ilichukua muda ambao mjini tungeuita mrefu, na ilipomalizika nilihisi nimekwisha kuingia ndani ya nyumba ingawa nilikuwa bado nimesimama uani na begi mkononi. Ndipo akasema, "Mwanangu, wewe ndiye wa barua za asali. Kaa, nimekujua muda mrefu."

Jioni rafiki yangu alipika migebuka. Alipasha mawese mpaka wekundu wake ukaanza kufifia na harufu yake kali ikatulia, akatia kitunguu, akalaza samaki mmoja mmoja bila kuwagusa tena mpaka upande wa chini ukashika. Pembeni kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo. Tulizungumza mpaka usiku, na nikagundua jambo ambalo sikulitegemea: hatukuwa na haja ya kupeana muhtasari wa miaka. Watu wawili wakikutana baada ya muda mrefu, kwa kawaida saa za kwanza huliwa na taarifa, nani amezaa, nani amehama, nani hatunaye tena. Sisi hayo tulikwisha kuyamaliza kwa karatasi. Tulianzia katikati, kwenye habari ya fundi nguo wa mtaani kwao ambayo barua ya mwisho iliiachia njiani.

Asubuhi moja tulipanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Ni hifadhi ndogo ya milima na mabonde inayoshuka hadi kwenye kokoto za ziwa, na haifikiki kwa barabara. Mwongozaji alitugawia barakoa na kutuagiza tusiwakaribie sokwe kwa chini ya mita kumi, kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwa ugonjwa mkubwa kwao. Kwa wauguzi wawili agizo hilo lilikuwa kama kusikia lugha ya nyumbani. Tuliwaona mama na mwanawe wakichambuana manyoya karibu na njia. Mama alishika mkono wa mtoto, akaupekua kuanzia kiwiko hadi vidoleni kwa utulivu mkubwa, kisha akajigeuza naye akapekuliwa mgongo. Hawakuonekana kuwa na kiroboto wala kidonda. Walikuwa wakikaa tu pamoja kwa namna yao, na mikono ilikuwa na shughuli.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipofariki, tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, barua zetu za mwezi ule zilimhusu yeye. Magazeti yalikumbusha, kwa haki, kwamba alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, na kwamba ndiye aliyeona sokwe akichokonoa kichuguu kwa unyasi ili avue mchwa, wakati wataalamu waliamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Sisi tuliandikiana zaidi kuhusu mama yake. Serikali ya kikoloni haikuridhia msichana akae msituni peke yake, kwa hiyo mama huyo, Vanne, alifuatana naye katika miezi ya mwanzo, na pale ufukweni akafungua kliniki ndogo ya kuwatibu wavuvi na familia zao kwa dawa za kawaida. Binti alikuwa mlimani akikimbiwa na sokwe kutwa nzima. Mama alikuwa chini akifunga vidonda, na ujirani na wenyeji ukajengwa kwa mikono yake. Naamini kabisa kwamba bila kliniki ile kazi ya mlimani ingekuwa ngumu zaidi, na ningependa jina la mama yule litajwe mara nyingi kuliko linavyotajwa.

Kuna habari nyingine ya Gombe ambayo rafiki yangu alinisimulia kwa kurasa nyingi, naye alikuwa ameisikia tangu zamani. Sokwe mama aliyeitwa Flo alikufa mwaka 1972, na mwanawe Flint, aliyekuwa na miaka minane hivi na bado akimtegemea kama mtoto mdogo, alijitenga, akaacha kula, akafa katika muda usiofika mwezi mmoja. Tumefanya kazi wodini miaka mingi, tumeona wajane na wagane wakifuatana kaburini kwa wiki chache, na katika faili tuliandika majina ya magonjwa kama inavyotakiwa. Yeye aliandika kwamba tangu alipojua habari ya Flint amekuwa akimwuliza kila mfiwa swali moja la ziada, nani atakula nawe leo, na kwamba swali hilo limemsaidia kuliko fomu yoyote. Nimelichukua, nami nalitumia hapa Tabora.

Nyumbani kwangu pia kumekuwa na mabadiliko, ingawa ni madogo na nitayapitia haraka. Simu zetu hulala kwenye droo ya kabati baada ya chakula cha jioni, isipokuwa ninapokuwa zamu ya dharura. Mume wangu, ambaye macho yake yanachoka upesi, hunitaka nimsomee kwa sauti, na tumegundua kwamba jambo ambalo lingetuletea ubishi likisemwa moja kwa moja huzungumzika vizuri likipitia kwa mtu wa kitabuni. Siku za umeme kukatika tunatumia taa ya sola ambayo rafiki yangu alinitumia kutoka Kigoma, ya aina ile wanayotumia kwenye baraza, na mwanga wake unatosha kitabu kimoja na watu wawili.

Kitabu kilichopo chini ya taa hiyo sasa ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz akidhani ni safari ya kutembea, kumbe baba yake amemweka rehani kwa sababu ya deni, na baadaye anachukuliwa katika msafara wa kuelekea bara. Mimi na rafiki yangu tumeamua kusoma nakala moja. Ninaandika maoni kwa penseli pembezoni mwa kurasa, yeye ataongeza yake, kisha kitabu kirudi. Katika kurasa za mwanzo nimeandika kwamba simlaumu mama wa Yusuf hata kidogo, kwa kuwa mwanamke asiye na kauli juu ya deni hawezi kuwa na kauli juu ya rehani. Najua hatakubali, kwa sababu tulikwisha kubishana jambo la namna hiyo kuhusu jirani yake mmoja, na nimeacha nafasi pana chini ya maneno yangu.

Mzigo unaondoka Jumamosi: asali, matobolwa, kitabu na barua. Nimemwomba asikirudishe kabla mama mkwe wake hajasomewa sehemu za msafara, kwa maana mzee huyo aliniambia, siku ya kuagana, kwamba babu yake alikuwa mpagazi na alitembea mpaka pwani na kurudi. Kila atakalolisema wakati wa kusomewa, liwe la kukubali au la kukanusha, nimeagiza liandikwe pembeni ya ukurasa unaohusika, pamoja na tarehe.